Karakana za programu: kongwe, nyepesi, nzito, na ile itakayokufaa

Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na kompyuta mpakato ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Mama yake ana duka la rejareja, na daftari la madeni limechakaa hadi kurasa zinachomoka. Kijana alitaka kumtengenezea programu mbili: moja ikae kwenye kompyuta ya dukani, nyingine kwenye simu, ili mama ajue nani anadaiwa unga, nani anadaiwa sukari, na tangu lini. "Mwalimu, nipakue ipi?" aliniuliza. Alikuwa na bando la siku tatu tu.

Nilimwomba anipe siku moja nifikirie, maana swali lenyewe si dogo. Anayetengeneza programu anahitaji mahali pa kuandikia msimbo, kompaila ya kuugeuza uwe kitu ambacho mashine inakielewa, na chombo cha kusakia makosa. Vyote vikiwekwa chini ya paa moja, mafundi wanaita IDE. Mimi hapa nitaiita karakana. Karakana ziko nyingi, na kila moja ina jambo ambalo imezishinda nyingine. Nilipomjibu kijana nilianzia kwenye rekodi hizo, nikizipima kwa kipimo kimoja: ni muda gani unapita kati ya kuandika mstari na kuuona ukifanya kazi, kwenye kompyuta uliyo nayo, si ile unayoitamani.

Kongwe kuliko zote

Taji la ukongwe kwa kawaida hupewa Maestro I, iliyotengenezwa na kampuni ya Softlab ya Munich, Ujerumani, mwaka 1975. Kabla yake, kazi nyingi za programu zilifanyika kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu. Ulizikabidhi kadi zako kwa waendesha mashine, ukarudi baada ya saa kadhaa au kesho yake, ukakuta kazi yote imekwama kwa sababu ulisahau mkato mmoja. Maestro I ilimpa mtengeneza programu skrini na kibodi yake mwenyewe, na watengeneza programu wapatao 22,000 duniani waliitumia.

Wapo wanaosema heshima hiyo ni ya Chuo cha Dartmouth, Marekani. Mnamo Mei 1, 1964, John Kemeny na Thomas Kurtz waliendesha kwa mara ya kwanza lugha yao ya BASIC. Mwanafunzi alikaa mbele ya mashine ya kuchapia, akaandika mistari yake, kisha akaandika neno RUN na jibu likachapwa palepale. Mimi ukongwe nauacha kwa Maestro I, kwa kuwa ilijengwa kama karakana tangu mwanzo. Lakini wazo lenyewe ni la Dartmouth. Wao ndio walioamua kwamba hata mwanafunzi wa historia au fasihi, asiye na habari na kompyuta, ana haki ya kuijaribu na kujibiwa bila kungojeshwa.

Nyepesi kuliko zote

Hapa ndipo ningependa msomaji akae nami kidogo.

Novemba 1983 kampuni ya Borland ya California ilianza kuuza Turbo Pascal kwa dola 49.95. Kompaila za washindani wake ziliuzwa kwa mamia ya dola, na kuzitumia kulichosha: unaandika ndani ya programu moja, unaifunga, unaiita kompaila, unangoja, unasoma orodha ya makosa, kisha unaifungua ile ya kwanza uanze kutafuta mstari wenye kasoro. Turbo Pascal iliviweka vyote ndani ya kumbukumbu ya kompyuta kwa wakati mmoja. Unabonyeza herufi moja, msimbo unapitiwa. Kosa likionekana, unarudishwa kwenye maandishi yako na kishale kimesimama hapohapo penye kosa.

Toleo lake la 3.02, la mwaka 1986, lilikuwa na ukubwa wa baiti 39,731. Kihariri, kompaila na maktaba yake vyote havikufika kilobaiti 40. Picha moja ya kawaida unayopiga kwa simu leo inaizidi mara nyingi.

Aliyeiandika ni Anders Hejlsberg wa Denmark, ambaye alianza kwa kuandika kompaila ya kompyuta ndogo iliyoitwa Nascom kabla Borland hawajaichukua kazi yake. Yeye mwenyewe ni rekodi. Alikuwa msanifu mkuu wa Delphi, karakana iliyozinduliwa Februari 14, 1995, ambamo unalivuta dirisha, unakivuta kitufe, unaandika kitufe kifanye nini, na programu ya Windows iko tayari. Mwaka 1996 akahamia Microsoft. Huko aliongoza usanifu wa lugha ya C#, kisha TypeScript iliyotangazwa Oktoba 2012.

Machi 2025, zaidi ya miaka 41 baada ya Turbo Pascal, mzee huyo alijitokeza tena kutangaza kwamba kompaila ya TypeScript inahamishiwa kwenye lugha ya Go ili ipate kasi. Mfano alioutoa ulikuwa msimbo wa kihariri cha Visual Studio Code, wenye mistari ipatayo milioni 1.5. Kuukagua wote kwa kompaila ya zamani kulichukua sekunde 77.8, kwa kompaila mpya kulichukua sekunde 7.5.

Wengine wataona kwamba dakika moja na ushee si kitu. Ni kitu kikubwa sana kwa anayejifunza. Ndani ya dakika hiyo unaichukua simu, unamwitikia mtu aliyepita, unakumbuka chai, na ukirudi kwenye skrini umeshasahau ulikuwa unajaribu nini. Kusubiri huku, kukirudiwa mara hamsini kwa siku, kunamfukuza mwanafunzi kwenye fani kuliko ugumu wa hesabu. Hejlsberg amepigana na kusubiri huko tangu enzi za diski laini hadi leo, na sijaona mtu mwingine aliyekaa mstari wa mbele wa kazi hii kwa muda mrefu namna hiyo akiwa na lengo lilelile.

Nzito kuliko zote

Upande wa pili wa mizani ipo Visual Studio ya Microsoft, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1997. Kwa toleo la 2022, Microsoft wameandika kwamba nafasi inayohitajika kwenye diski ni kuanzia MB 850 hadi GB 210, kutegemea unasakinisha nini. Nilipiga hesabu: GB 210 ingebeba nakala zaidi ya milioni 5 za ile Turbo Pascal 3.02.

Uzito huo si kosa. Ndani yake kuna vifaa vya kutengenezea programu za Windows, za simu, za seva na michezo, nawe unachagua unachokitaka. Mwenye kompyuta yenye nguvu anayetaka kuandika programu za Windows kwa C# sina sababu ya kumzuia, hasa kwa kuwa lipo toleo la Community ambalo mwanafunzi halilipii. Kwenye kusaka makosa haina mpinzani kwa macho yangu: unaisimamisha programu katikati ya kazi, unaweka kishale juu ya jina la kigezo, unaona thamani yake, unaibadilisha, halafu unairuhusu iendelee.

Android Studio ndiyo inayowashinda wengi huku kwetu. Google waliitangaza Mei 2013 na toleo la 1.0 likatoka Desemba 2014, likiwa limejengwa juu ya IntelliJ IDEA, kazi ya JetBrains, kampuni iliyoanzia Prague. Ni karakana nzuri sana. Ila Google wenyewe wanataka RAM isiyopungua GB 8, na GB 16 kama utatumia ile simu ya kuigiza inayotokea ndani ya skrini. Kwenye GB 4 hali inakuwa hivi: unafungua mradi mpya usio na kitu, chini ya dirisha mstari wa Gradle, chombo kinachoijenga programu, unaanza kutambaa, feni inavuma, kishale cha kipanya kinaganda na kuruka, na ukitaka kufungua kivinjari usome maelekezo, kila kitu kinasimama. Mwanafunzi anadhani yeye ndiye asiyejua. Kumbe anajua, mashine ndiyo iliyolemewa.

Yenye watumiaji wengi kuliko zote

Katika utafiti wa kila mwaka wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya watengeneza programu, mwaka 2024 zaidi ya asilimia 73 ya waliojibu walisema wanatumia Visual Studio Code. Iliyofuata, Visual Studio yenyewe, haikufika hata asilimia 30. Kwa kuwa majina yanafanana, watu huzichanganya hizi mbili, na wapo waliomaliza bando wakipakua isiyo yao. Angalia neno la mwisho: ile yenye Code ni nyepesi, haifiki MB 200 kuipakua, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Ilitangazwa Aprili 2015 na msimbo wake ukafunguliwa kwa umma Novemba mwaka huohuo. Timu iliyoianzisha ilikuwa Zurich, Uswisi, ikiongozwa na Erich Gamma, ambaye kabla ya hapo alikuwa mmoja wa vichwa vya Eclipse, karakana ambayo IBM waliitoa bure mwaka 2001 wakisema thamani ya msimbo wake ni dola milioni 40. Sijui zawadi nyingine ya namna hiyo katika historia ya fani hii iliyowanufaisha wanafunzi wa Java kwa muda mrefu kama ile.

Kuna kisa cha huzuni hapa. Visual Studio Code imesimama juu ya msingi uitwao Electron, na Electron ilizaliwa kwa ajili ya kihariri kingine, Atom cha GitHub. Atom kilipendwa kweli. Mwaka 2018 Microsoft wakainunua GitHub, na Desemba 15, 2022 Atom kikafungwa rasmi. Msingi uliojengwa kwa ajili yake unaendelea kuibeba Visual Studio Code, iliyokipokonya watu.

Yenye moyo mkubwa kuliko zote

Vim si karakana kamili, ni kihariri, lakini siwezi kuiruka. Mholanzi Bram Moolenaar aliitoa kwa umma mwaka 1991, akiendeleza wazo la kihariri cha vi alichokiandika Bill Joy mwaka 1976. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda kujitolea Kibaale, mji mdogo wa kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, katika eneo la Rakai ambako UKIMWI ulikuwa umeacha yatima wengi. Aliporudi kwao hakuwasahau. Aliiacha Vim iwe bure kwa kila mtu, ila aliyeipenda aliombwa achangie watoto wa Kibaale.

Kwa miaka mingi, aliyeifungua Vim bila faili alikutana na skrini tupu yenye alama za kiwimbi zikishuka upande wa kushoto, na katikati, chini ya jina la programu, mstari mfupi wa kuomba msaada kwa watoto maskini wa Uganda. Michango ilikwenda kwenye karo, chakula na matibabu. Shirika lililopokea misaada ya aina hiyo nchini Canada lina jina ambalo msomaji hahitaji kutafsiriwa: Kuwasha. Moolenaar alifariki Agosti 3, 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Kama umewahi kuandika hata mstari mmoja ndani ya Vim, jua kwamba kazi ya mikono yake iliwasomesha watoto wa jirani zetu.

Kwenye GB 4 Vim inapaa. Lakini kijana mwenye bando la siku tatu sikumpa, kwa kuwa ina desturi zake za kuandika zinazohitaji wiki kadhaa kuzizoea.

Iliyong'ang'ania kuliko zote

Visual Basic ilianza mwaka 1991, ikitokana na kazi ya Alan Cooper. Toleo la 6 lilitoka mwaka 1998, na Microsoft wakaacha kuihudumia karakana yake Aprili 8, 2008. Hata hivyo programu zilizotengenezwa ndani yake bado zinaendeshwa kwenye Windows 11.

Nimeitaja kwa sababu upande mwingine wa sarafu unauma. Xamarin, iliyowawezesha watu wa C# kutengeneza programu za simu, ilifikia mwisho wa huduma Mei 1, 2024, na waliokuwa wakiitegemea wakalazimika kuhamia kwa mrithi wake, MAUI. Visual Studio ya Mac ikafungwa Agosti 31 mwaka huohuo. Kabla ya kuchagua karakana, uliza kazi yako itabaki vipi siku karakana ikifungwa. Ikiwa msimbo wako ni maandishi ya kawaida na lugha yake ina kompaila huria, utapona.

Yenye mlango mwembamba kuliko zote

Anayetaka kuiweka programu yake kwenye iPhone mwishoni hupita kwa Xcode ya Apple, iliyotoka mwaka 2003, na Xcode haikai popote isipokuwa kwenye Mac. Juu ya hapo kuna ada ya dola 99 kila mwaka ili uingie dukani kwao. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu. Ukoo wa Xcode ni wa heshima: unarudi hadi kompyuta za NeXT na Interface Builder ya Mfaransa Jean-Marie Hullot, na ni kwenye kompyuta ya NeXT ndipo Tim Berners-Lee alipoandika kivinjari cha kwanza cha wavuti mwaka 1990. Lakini mama mwenye duka ana simu ya Android, kwa hiyo mlango huo tuliupita.

Inayofika mbali kuliko zote

Msimbo mmoja, vifaa vingi: ahadi hii imetolewa na wengi. Qt, iliyozaliwa Norway, imekuwepo tangu miaka ya 1990. Delphi nayo ilifika kwenye iOS na Android, na tangu 2018 ina toleo la bure kwa wenye kipato kidogo. Ila kwa sasa taji naipa Flutter ya Google. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 2018 kwa ajili ya simu. Februari 2022 Windows ikaingia rasmi, na Mei mwaka huo zikafuata macOS na Linux. Ukijumlisha na wavuti, ni majukwaa sita kwa msimbo mmoja.

Kinachonivutia kwa Flutter ni kitu kingine. Programu ikiwa inaendelea kufanya kazi kwenye simu, unabadilisha rangi ya kitufe ndani ya msimbo, unahifadhi, na kabla hujainua macho kitufe kimeshabadilika, bila programu kuanza upya. Hapo ndipo nilipomkumbuka Hejlsberg na kile kishale chake.

Nilichomwambia kijana

Kwa kompyuta ya dukani nilimpa Lazarus. Ni karakana huria iliyoanza mwaka 1999 juu ya kompaila ya Free Pascal, na mwenye kujua Delphi akiifungua anajiona yuko nyumbani. Jina lake ni la yule Lazaro wa kaburini, kwa sababu ilitoka kwenye mradi mwingine uliokuwa umekufa. Inafanya kazi vizuri kwenye GB 4. Kijana alivuta dirisha, akaweka jedwali lenye safu za jina, bidhaa, kiasi na tarehe, akaweka kitufe cha Hifadhi, akabonyeza F9. Dirisha lilifunguka. Alilitazama kwa muda, akabonyeza Hifadhi mara tatu ingawa hakikuwa kimefundishwa chochote bado, kisha akaanza kucheka kwa furaha.

Kwa simu nilimpa Visual Studio Code pamoja na Flutter, na nikamwonya mambo mawili. Kwanza, vifaa vya Android ni GB kadhaa, kwa hiyo avipakue kwenye mtandao wa shule, si kwa bando lake. Pili, asifungue kabisa simu ya kuigiza. Safari ya kwanza ya kuijenga programu itachukua muda mrefu, aiache ikimbie na asiikate. Zinazofuata zitakuwa fupi. Angeshindwa hata hapo, ningempeleka kwenye App Inventor, ambayo Google waliianzisha mwaka 2010 kisha ikahamia MIT: inafunguka ndani ya kivinjari, unaunganisha vipande vya rangi kama matofali, na unaona matokeo kwenye simu yako.

Nawe msomaji, kama una kompyuta ndogo na umekuwa ukiahirisha mpaka upate kubwa, usisubiri. Tafuta waya wa USB na simu yoyote ya Android, ishike nafasi ya ile simu ya kuigiza. Fungua Mipangilio, ingia Kuhusu simu, tafuta Nambari ya muundo, uigonge mara saba. Simu itakutangazia kwamba sasa wewe ni msanidi programu. Kisha rudi, fungua Chaguo za wasanidi programu, washa Utatuzi wa USB, chomeka waya.